Weismann na Mzigo wa Wazazi

August Weismann (1834–1914), mwanabiolojia Mjerumani, alitenganisha seli za mwili na seli za uzazi. Katika kitabu chake cha 1892 alishikilia kwamba urithi hupitia seli za uzazi pekee, na yanayoupata mwili maishani hayafiki humo. Aliwakata panya mikia kwa vizazi vitano. Watoto wao zaidi ya 900 walizaliwa na mikia kamili.

Kilichobaki kueleza mabadiliko ya viumbe, kwake, ni uteuzi wa asili wa Darwin, na mifano yake hai haiko mbali na Buswelu, Mwanza. Katika Ghuba ya Mwanza kuna samaki wa aina ya furu aitwaye Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake ni jekundu. La ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ni la buluu. Majike huchagua kwa rangi. Penye maji machafu rangi hufifia, na spishi hizo mbili huchanganyika. Hakuna furu aliyeipata rangi yake kwa juhudi.

Swali la urithi lina upande wa maadili pia: je, mtoto hubeba kosa la mzazi? Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa. Qurani nayo inakataa mtu kubebeshwa mzigo wa mwingine. Biolojia ya Weismann haithibitishi maandiko hayo, kwani kovu si dhambi. Lakini inaiondolea nguvu hoja katili kwamba uovu wa mzazi humwingia mtoto kwa damu. Malezi, mali na madeni hurithiwa kwa njia nyingine, na hizo zimo mikononi mwa watu.