Undugu wa Kuchanjiana

Wazee wetu waliujua undugu wa aina mbili: wa tumbo na wa kuchanjiana. Watu wawili wasiokuwa na nasaba walichanjana, wakaonjana damu, na tangu siku hiyo shida ya mmoja ikawa deni kwa mwenziwe. Nilidhani desturi hiyo imekufa. Nikaja kuikuta Dar es Salaam, katika sura ambayo hata leo sijui niihukumu vipi.

Mwaka 2005 watafiti, baadhi yao wa Muhimbili, walichapisha habari za wanawake wa jiji hilo waliokuwa wakijidunga heroini, wengi wao wakiuza miili ili wapate kete. Aliyejaaliwa fedha siku hiyo alijidunga, kisha akaivuta damu yake katika bomba la sindano na kumpa mwenziwe aliyeshikwa na arosto, naye akajidunga damu ile. Kwa Kiingereza jambo hilo liliitwa flashblood. Mie mfasiri nimelitafutia neno, na kila nikitafuta narejea kwenye kuchanjiana.

Unga uliomo katika damu hiyo ni chembe tu, pengine hautoshi hata kutuliza. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, hivyo humfikia mpokeaji bila ya kupungua.

Je, mwanamke yule alitenda wema au uovu?

Kabla sijajibu, nitaje jambo langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipita Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, kijana mmoja akanishika shati. "Shikamoo mzee. Nisaidie mia tano, arosto inaniua." Nilimpa. Sikumpa kwa huruma. Nilimpa aniachie shati, kwani wenye maduka walikuwa wakitutazama. (Neno teja, nadhani, limetokana na mteja, na katika mitaa ile ya biashara huyo ndiye mteja pekee asiyekaribishwa dukani.) Fedha ile najua ilikwenda wapi. Basi mwanamke yule nami sote tulitoa kitu chenye sumu. Yeye alikitoa mwilini mwake, kwa mtu anayempenda.

Wapo wasemao kwamba nia njema hulitakasa tendo. Mbele ya mgonjwa siwezi kuafikiana nao. Wengine husema matokeo ndiyo mizani. Hao watamweka mwanamke yule safu moja na muuza unga, jambo linalonikirihisha. Nionavyo mimi, hakupungukiwa na wema. Alipungukiwa na kitu safi cha kutoa. Na kitu hicho kilikuwapo duniani: methadoni ilikuwa ikiwatibu waraibu wa heroini huko New York tangu miaka ya 1960. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011. Katika miaka yote hiyo ya katikati, sisi tulioweza kuidai tulikuwa tukipita Msimbazi, tukichunga mashati yetu.

Kliniki ile ilipoanza, kila mgonjwa alifika kila siku, akapewa dawa yake ya maji bila ya malipo, akainywa papo hapo mbele ya mhudumu. Kutoka nayo hakukuruhusiwa, hata kama nje ya lango alikuwapo mwenziwe anayetetemeka.