USINGOJE UPATE NAFUU KWANZA!

Kijana mpendwa, uliyepewa karatasi hii njiani, usiitupe. Isome dakika mbili tu.

Umewahi kumwona mtoto njiti, yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37? Mwingine hafiki kilo moja na nusu. Ngozi nyembamba, mafuta mwilini hana, joto linamtoka kama maji kwenye pakacha. Mkemee ukitaka: "Jipashe joto!" Hawezi. Si mkaidi. Hawezi!

Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, mashine za joto hazikutosha. Watoto walilazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine moja, wakaambukizana maradhi. Daktari Edgar Rey Sanabria akawarudisha kwa mama zao: mtoto avuliwe, abaki na nepi na kofia, awekwe wima kifuani, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitambaa, apewe maziwa ya mama. Kifua kikawa mashine! Ndiyo huduma ya kangaruu.

Baba naye anaweza. Wewe uliyempa binti wa watu mimba ukakimbia, rudi! Huenda mtoto akaja kabla ya wakati, mama akawa hoi, na kifua kinachotakiwa ni chako.

Sasa sikia. Miaka mingi hospitalini walisema: mtoto kwanza atulie, apate nafuu, ndipo awekwe kifuani. Mwaka 2021 ukatoka utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Wale wadogo wa kilo 1 hadi karibu 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo kuliko waliongojeshwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri: aanze mapema, saa 8 hadi 24 kwa siku. Umeona? Nafuu waliyokuwa wakiingoja ilikuwa kifuani kwenyewe!

Na wewe je? Unasema, "Mwinjilisti, ngoja kwanza niache gongo, niache bangi, nijirekebishe, halafu nitaokoka." Utajirekebisha kwa joto gani? Uliapa Jumatatu, Ijumaa ukarudi pale pale. Rafiki, wewe ni njiti wa rohoni. Mungu hakungoji utulie. Anakuita uje ungali unatetemeka. Soma Isaya 49:15.

Sema sasa, hapo hapo ulipo: "Bwana Yesu, nimepigwa na baridi. Joto langu mwenyewe sina. Nipokee hivi nilivyo. Amina."

Usiseme kesho. Njiti hana kesho nje ya kifua.