Faragha Baina ya Chuo na Chuo Kikuu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Maneno yetu ya leo yawakhusu vijana wetu, wanaume na wanawake, waliomaliza kidato cha nne na wanaongojea kwenda Chuo Kikuu. Yawakhusu pia wazazi wao, na yatukhusu sisi tunaowasomesha dini, kama itakavyobainika mbele.

Sisi watu wa pwani hulitumia neno chuo mara mbili katika umri wa mtoto. Akiwa mdogo twampeleka chuoni kwa mwalimu wake akasome Qurani. Akikua na kufaulu katika masomo ya skuli, twasema sasa aenda Chuo Kikuu. Jina ni lile lile, na kwa hivyo wazazi wengi hudhani kwamba safari nayo ni ile ile: mtoto apewe nguo, apewe nauli, aombewe dua, basi. Hilo ni kosa, na kosa hilo limetutia hasara.

Mtihani wa KCSE humalizika mwezi wa Novemba. Vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya mwezi wa Agosti au Septemba wa mwaka ufuatao. Baina ya hapo pana muda wa miezi tisa, nao ni muda wa mimba moja. Mama huchukua muda kama huo kumleta mtu kamili duniani. Je, vijana wetu hutoka na nini katika miezi tisa yao? Wengi wa wanaume hushinda maskani, muguka shavuni na simu mkononi, wakalala alfajiri wakati wenzao wanapoamka. Wengi wa wanawake hufungiwa katika kazi za nyumba, wakaambiwa wangoje, ama ije barua ya chuo, ama aje mposaji.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya kwamba siha na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo. Na katika Suratul Inshirah Mwenyezi Mungu amemuamrisha Mtume wake kwamba amalizapo shughuli moja asimame kwa juhudi nyingine. Ikiwa hiyo ndiyo amri aliyopewa mbora wa viumbe, ambaye dhambi zake zimekwisha samehewa, itakuwaje kwa kijana wa miaka kumi na minane aliyeweka kalamu chini na kudhani kwamba kazi imekwisha?

Twataka kusimulia jambo lililotupata wenyewe, wala hatumtaji mwenyewe. Alikuwa kijana katika darasa yetu, mwenye sauti nzuri ya kusoma Qurani na alama nzuri za skuli. Alipopata nafasi ya Chuo Kikuu bara tulifurahi mno. Tulimshonea kanzu, tukamsomea dua, tukamsindikiza mpaka kwenye basi. Kabla ya mwaka wa kwanza kumalizika alirejea kwao, amekwisha acha masomo. Alikaa kitambo akitukwepa, kisha akaja usiku mmoja baada ya Isha, akatueleza. Alipofika huko alijihesabu msafiri, kwa kuwa yuko mbali na kwao. Akawa anakusanya sala na kuzipunguza muhula mzima. Halafu zikamponyoka moja moja, kwani nyumbani alikuwa akiamshwa na mama yake, na huko hapana aliyemwamsha. Katika masomo nako aliona kwamba mwalimu huingia, husema, akaenda zake. Hawaandikishi wanafunzi ubaoni kama skuli, wala haulizi nani hakuelewa. Akaachwa nyuma, akaona haya kuuliza, akaanza kujificha. Mwisho akatuambia: "Sheikh, mlinifundisha hukumu za safari, lakini mimi nilikwenda kukaa."

Hatukuwa na jawabu. Tulimwomba radhi, na tangu usiku ule twaona kwamba dhima hii si ya vijana peke yao. Kwa hivyo twawausia mambo haya matano, wala si mambo ya kungojea mwezi wa Agosti.

La kwanza ni dini yenyewe, tukikusudia ile elimu ambayo ni faradhi juu ya kila mtu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, amekwisha toka katika hukumu ya msafiri. Basi mwanafunzi aliyekwenda kukaa muhula mzima ni mkaazi: atasali kamili na kwa wakati wake. Ajue pia tohara katika vyoo vya shirika, chakula cha halali na cha shaka, mipaka baina ya wanaume na wanawake wasiokuwa maharimu, na jinsi ya kuilinda Ijumaa ikigongana na saa ya somo. Na juu ya yote hayo, ajizoeze kuamka alfajiri mwenyewe. Enyi akina mama, acheni kuwaamsha. Mwekeeni saa kichwani, na akichelewa alipe sala yake na aone uchungu wake angali karibu nanyi.

La pili ni kusoma na kuandika. Mwanafunzi wa skuli amezoea kulishwa. Wa Chuo Kikuu yampasa ajitafutie. Basi na achukue kitabu kimoja kila juma, kiwe cha Kiingereza au cha Kiswahili, akisome mpaka mwisho, kisha aandike ukurasa mmoja kwa maneno yake mwenyewe: mwandishi asema nini, na hoja yake ni ipi. Ajifunze kupiga chapa kwa vidole vyote katika kompyuta. Anayekwenda kusoma uhandisi au udaktari ayarejee hesabu na sayansi zake, kwani huko hawatamngojea azikumbuke. Na lililo bora kuliko yote ni kufundisha. Njooni chuoni jioni mwasomeshe wadogo zenu hesabu na Kiingereza, kwa sababu mtu hajui kwamba hajui mpaka aulizwe na mtoto.

La tatu ni kuichagua fani. Shahada ya kwanza yataka wastani wa C+ katika KCSE, na idara ya KUCCPS ndiyo inayowapangia wanafunzi vyuo na masomo. Vijana wengi hujaza fomu kwa kumfuata rafiki au kwa kulipenda jina la fani. Mtu na atake shauri kwanza kwa wale waliokwisha isoma, awaulize kazi yake ni nini na ugumu wake uko wapi, kisha asali istikhara. Istikhara haiondoi wajibu wa kuuliza. Na ambaye hakufikia C+ asijione ameanguka, kwani viko vyuo vya diploma na vya ufundi. Mwaka wa 1951 ilifunguliwa hapa Mombasa skuli ya ufundi kwa vijana wa Kiislamu, ikijulikana kwa jina la MIOME. Skuli ile ilikua daraja kwa daraja, na tangu mwaka wa 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Ikiwa chuo chenyewe kilianzia katika ufundi kikafika huko, mwanadamu ataona haya gani?

La nne ni mali. Mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hurejeshwa kwa ziada ya asilimia 4 kwa mwaka, na Muislamu hawezi kulipita jambo hilo kwa kufumba macho. Lakini twaona watu hutujia kuuliza hukumu usiku wa kuamkia safari, wakati hapana tena njia nyingine. Mwenye kuuliza mapema hupata nafasi ya kuepuka, na mwenye kuchelewa hudai dharura aliyoitengeneza mwenyewe. Aila na ikae pamoja mwezi wa Januari, ihesabu karo, chakula na malazi, itafute misaada ya masomo, na ndugu wagawane mzigo. Harusi zetu hatuzikosei fedha. Vipi tukose za elimu? Imam Nawawi ameeleza katika Majmuu kwamba mwenye kushughulika na elimu ya sharia, ikiwa kuchuma kungemkatiza masomo yake, huhalalika kupewa zaka. Na wako wanavyuoni wa zama zetu waliolitanua hilo kwa elimu nyingine zenye manufaa. Matajiri wetu na walitazame jambo hili. Na kijana naye afanye kazi katika miezi hii, hata ikiwa ni ya dukani au ya sokoni, ajue shilingi hupatikana kwa jasho gani kabla ya kupewa za wenziwe.

La tano ni kujitumikia. Kijana wa kiume asiyejua kupika wali, kufua kanzu yake na kupanga matumizi ya mwezi ni mgonjwa aliyepelekwa ugenini bila ya muuguzi. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Ni nani katika sisi aliye na heshima kuliko yeye?

Limebaki neno kwa wazazi wa kike na wa kiume kuhusu binti zao. Wako wanaowazuia kwa kuwachelea fitina za mbali, na hofu hiyo hatuidharau. Lakini twauliza: mke wako akiumwa, wataka atazamwe na daktari mwanamke Muislamu, daktari huyo atatoka wapi, ikiwa kila baba atamfungia wake ndani? Dawa ya hofu ni kumtayarisha. Mtafutieni makao ya amani, mpelekeni nyinyi wenyewe, mjue jirani zake na msikiti ulio karibu. Na ikiwa mwaogopa umbali, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na kile cha Ufundi kiko hapa hapa mjini.

Si jambo geni tunalolisema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alilipigia mbiu jambo la elimu kwa kalamu yake tangu miaka ya 1930, alipotoa Sahifa na kisha Al-Islah, akiwataka Waislamu wasichague baina ya dini yao na maarifa ya ulimwengu. Aibu ni yetu, ikiwa baada ya miaka yote hiyo tungali tukiwasindikiza vijana kwa kanzu mpya na mikono mitupu.

Nasi tumejitwika sehemu yetu. Kila usiku wa Jumapili baada ya Isha pana darasa ya waliomaliza kidato cha nne, na waliotangulia vyuoni wanapokuja likizo huketi nao wakawaeleza yaliyowapata. Kijana tuliyemtaja ndiye wa kwanza aliyekubali kusema mbele ya wenziwe. Amejiandikisha upya katika chuo cha diploma, na sala ya alfajiri hutukuta naye safu moja.

Ewe Mola wetu, wabariki vijana wetu katika wakati wao, uwape elimu yenye manufaa, uwahifadhi ugenini kama ulivyomhifadhi Yusuf, na utusamehe sisi tulipowapunja. Amin.

Wabillahi tawfiq.