Kombe lisilo na mamluki



Mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, huanzia shuleni, yakapanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Kila ngazi ina hamu ya kombe, na hamu hiyo ndiyo huleta mamluki: kijana aliyekwisha kumaliza shule, au wa mtaani tu, anavalishwa jezi na kupewa jina la mwanafunzi. Wenzake kikosini wanajua. Mwalimu anajua. Na mtoto aliyejifua mwaka mzima anakaa benchi, akimtazama mtu mzima akicheza kwa jina lake.

Taifa nalo limewahi kulipia jambo hili. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, ilifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005, zilizofanyika Gambia, kisha ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kosa la umri wa mmoja, vijana wote wakabaki nyumbani. Nawaonea uchungu hadi leo.

Kufungwa mabao 4 kunauma, sikatai. Mtoto hulia, akalala, kesho yake akarudi uwanjani kujifunza kukaba. Ushindi wa hila humfundisha kitu kingine kabisa, naye atakibeba mpaka chumba cha mtihani, na baadaye ofisini.

Walimu wa michezo wa Mkoa wa Pwani, nawaomba: pelekeni wanafunzi wenu halisi. Wakirudi wamefungwa, wapokeeni kwa makofi.