Je, Pambo la Mkono ni Aibu?

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua wazazi wa siku hizi, na pengine kuwanyima usingizi, ni harusi za watoto wao. Si kwamba ndoa yenyewe ni ngumu. Ndoa ni nyepesi: yahitaji ridhaa ya wawili, walii, mashahidi na mahari. Kilicho kigumu ni vile vilivyoizunguka ndoa, navyo ni ukumbi, magari, vyakula, wapiga picha na mapambo. Katika makala hii twataka kulitazama moja tu katika hayo, yaani mapambo, na kuuliza swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo: Je, ni aibu kwa mzazi kuipamba harusi ya mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa na mikono ya ndugu na majirani, kwa kuwa hana fedha za kukodi?

Swali hili halikuzuka bure. Katika mtaa mmoja wa Elerai, jijini Arusha, mama mmoja mshonaji aliketi na nduguze kupanga harusi ya binti yake. Walipofika kwenye mapambo, mama alisema hatakodi kitu. Uani kwake patapambwa kwa migomba, maua ya karatasi na vipande vya vitenge alivyokuwa akiviweka akiba chini ya cherehani kwa muda mrefu. Kaka yake alishika kichwa. "Dada," akasema, "wakwe watatuonaje? Utauaibisha ukoo mzima." Mama akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Kaka yangu, nikikopa ili wakwe wasiuone umaskini wangu, mwezi ujao atauona mwenye deni, na yeye atakuja kuutangaza mlangoni." Binti mwenyewe alikuwa kimya. Alikwisha kuziona harusi za wenzake, na haikuwa siri kwamba moyo wake ulitamani yale aliyoyaona. Basi mama alibaki kati ya hofu mbili: hofu ya deni, na hofu ya kumnyima mwanawe furaha ya siku moja isiyorudi.

Mtu aweza kusema upesi kwamba jawabu ni rahisi: mapambo ni anasa, yaachwe kabisa. La hasha! Dini haikuja kuuchukia uzuri. Katika Sura Al-Aaraf waumini wanaamrishwa kuvaa mapambo yao waendapo kuabudu, na papo hapo wanakatazwa israfu; kisha linaulizwa swali la kukemea juu ya wale wanaoharamisha mapambo ambayo Mwenyezi Mungu amewatolea waja Wake. Basi uzuri na kiasi vimewekwa mahali pamoja, wala kimoja hakikuja kukifuta kingine.

Lipo pia tukio la nyumbani mwa Mtume Mtukufu s.a.w. ambalo lafaa sana kwa swali letu. Bibi Aisha r.a. alitundika kitambaa mlangoni kwa pambo. Mtume s.a.w. aliporudi kutoka safarini, alikivuta mpaka kikachanika, akaeleza kwamba Mungu hakutuamuru kuvisha nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akakikata kitambaa kile, akafanya mito miwili iliyojazwa nyuzi za mtende, na Mtume s.a.w. hakumkataza. Tuzingatie vyema: kitambaa ni kile kile, na uzuri wake ni ule ule. Kilipokuwa kimeuvisha ukuta kilikataliwa. Kilipokuwa kimempumzisha mwanadamu kilikubaliwa. Kumbe linalopimwa si kitambaa, bali ni kazi ya kitambaa na yule kinayemtumikia.

Tukisha kuishika kanuni hii, tuitumie kwa kuuliza: pambo la harusi lamtumikia nani? Wazee wetu walikuwa na jawabu. Katika pwani, wanawake humtandikia bibi arusi khanga chini akapita juu yake, na kesho yake khanga hizo hufuliwa zikavaliwa. Asumini huchumwa alasiri yakiwa bado vikonyo, yakatungwa uzini, ili yafunuke usiku na harufu yake ienee wakati wageni wamekwisha fika. Na kikuba hufungwa kwa asumini, rehani na mkadi. Kwa Wachaga jani la isale ni alama ya amani, na mtu anayeomba msamaha hulitanguliza mbele yake. Kwa Wamaasai, shanga za bibi arusi hutungwa na mama yake na wanawake wa karibu, kila rangi ikiwa na maana yake. Haya yote ni mapambo ya mkono. Hakuna aliyeyaonea haya, kwa sababu kila aliyeyatazama aliona ndani yake watu: fulani alitunga, fulani alichuma, fulani alivua khanga yake akaitandika.

Aibu iliingia pale pambo lilipoacha kusema habari za wanaompenda bibi arusi, likaanza kusema habari za mfuko wa baba yake. Maua ya kukodi yaliyosimama ukumbini Jumamosi hii yalisimama kwa mwingine Jumamosi iliyopita, na yatasimama kwa mwingine Jumamosi ijayo. Hayamjui anayeolewa. Tena ni ajabu kwamba chini ya Mlima Meru yapo mashamba ya waridi ambayo maua yake yamekuwa yakisafirishwa kwa ndege kwenda kuuzwa Uholanzi, ilhali sisi tunaoishi jirani nayo twakodi maua ya plastiki, kisha twaona haya kukata mgomba wetu wenyewe.

Hata hivyo tusijidanganye kuwa wa zamani wote walikuwa na kiasi. Mjini Mombasa, katika karne ya 20, vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama vilishindana kwa mavazi na karamu, kila kimoja kikitaka kukifunika kingine, na fedha nyingi zikapotea katika mashindano hayo. Maradhi haya basi si mageni. Yanabadilisha nguo tu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndiyo roho ya mas'ala haya, nalo ni mchango. Baada ya vita vya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra (628), Mtume s.a.w. alipomwoa Bibi Safiyya r.a., karamu yake ilifanywa njiani. Ngozi ilitandikwa chini, na aliyekuwa na chochote akaambiwa akilete. Mmoja akaja na tende, mwingine samli, mwingine jibini kavu. Vikachanganywa pamoja, na hiyo ndiyo ikawa walima. Hapakutajwa kiwango. Kila mtu alileta alichokuwa nacho, kila mtu akala.

Linganisha na desturi yetu. Kadi ya mchango huletwa nyumbani ikiwa na kiwango chake, hiki cha mtu mmoja na hiki cha watu wawili. Asiyetimiza hapewi kadi ya kuingilia. Matokeo yake ni kwamba jirani aliyemlea bibi arusi mgongoni, aliyempa uji mama yake alipokwenda sokoni, husikia muziki wa harusi akiwa nyumbani kwake, kwa sababu hakuwa na fedha. Nasi twajua jinsi Mtume s.a.w. alivyokilaumu chakula cha walima ambayo matajiri huitwa na maskini huachwa. Je, ukumbi uliopambwa kwa fedha za waliokuwa nazo tu, na mlangoni pake amesimama mtu wa kuhakiki kadi, hauko karibu na lawama hiyo?

Hapo ndipo lilipo jawabu la mjomba wa Elerai. Pambo la mkono halishindi la kukodi kwa uzuri, pengine huzidiwa. Lakini linampa nafasi ya kutoa yule asiye na fedha. Bibi kizee asiyeweza kuchanga hata shilingi aweza kuketi mkekani akakunja karatasi laini mikunjo mikunjo, akaifunga katikati kwa uzi, kisha akaifunua tabaka kwa tabaka mpaka liwe ua. Kijana asiye na kazi aweza kukata mianzi na kusimamisha lango. Siku ya harusi watu hawa hawaingii kama waliohurumiwa. Wanaingia kama wenye shughuli, nao wanalitazama lango na kusema, "Hili nimelisimamisha mimi." Heshima hiyo haikodishwi popote.

Mwaka 1967 ulitangazwa katika nchi hii mwongozo uliochukua jina la mji huu, yaani Azimio la Arusha. Moja katika hoja zake kubwa ni kwamba maskini hukosea anapodhani msingi wa maendeleo ni fedha asizokuwa nazo, ilhali anao watu, ardhi na juhudi. Watu walilijadili neno hilo kwa habari ya viwanda na mashamba. Yafaa tuliulize pia kwa habari ya harusi: mbona tunaanza kuhesabu kile tusichokuwa nacho?

Zipo hoja za kupinga ambazo haki yatutaka tuzijibu. Kwanza, husemwa kwamba wapambaji wa kulipwa nao wana watoto wa kulisha. Ni kweli, na kazi yao ni ya halali. Mwenye uwezo awaajiri na awalipe kwa wakati. Sisi hatusemi kukodi ni dhambi. Twasema kwamba mtu hapaswi kukopa ili amlipe mpambaji, wala kumdharau asiyekodi.

Pili, na hoja hii ni nzito zaidi: kazi ya mkono si ya bure. Twaposema "tumepamba kwa gharama ndogo", mara nyingi gharama hiyo imehamishiwa kwa mtu fulani, naye aghalabu ni shangazi au binti mkubwa, ambaye amekesha siku tatu akishona, kisha asubuhi ya harusi yuko jikoni. Fedha iliyookolewa kwa kumchosha mtu mmoja asiyeweza kukataa si akiba, ni dhuluma. Basi kazi igawanywe, wanaume nao washike sindano na kisu, ianze mapema, na fundi ambaye riziki yake ni cherehani alipwe siku zake alizoziacha.

Tatu, yupo atakayejivuna kwa unyenyekevu wake, akawacheka waliokodi ili aonekane mcha Mungu. Huyo naye amepamba kwa riya, ijapokuwa kwa majani ya mgomba.

Basi mzazi aliye njia panda apime kwa nini? Twapendekeza apime kwa kesho ya harusi. Tuseme mapambo yamegharimu shilingi 1,500,000, nayo yametazamwa kwa saa 6. Hiyo ni shilingi 250,000 kwa kila saa moja. Asubuhi gari limekuja, limechukua vitambaa na maua, na kilichobaki ni ukumbi mtupu na, kwa aliyekopa, daftari la deni ambalo wakati mwingine maharusi wenyewe ndio watakaolilipa. Sasa tazama upande wa pili: majani ya mgomba yamerudi shambani yakawa mbolea, khanga zimevaliwa, mkeka umetandikwa katika nyumba mpya, vitenge vimekuwa foronya. Tumerudi kwenye mito ya Bibi Aisha r.a. Pambo jema ni lile ambalo kesho yake bado lina kazi, na halijamwachia mtu mzigo.

Na yule mama wa Elerai? Mjomba hakushawishika kwa maneno. Lakini jioni ya kuamkia harusi alifika uani akakuta wanawake wa mtaa mzima wameketi chini ya turubai, na watoto wakipeleka uzi huku na huku. Akasimama kitambo, kisha akavua koti lake, akaenda kuchimba mashimo ya migomba langoni. Migomba yenyewe ilikatwa alfajiri ili majani yasinyauke. Wakwe walipofika walisifu, au labda walificha waliyoyafikiri. Hilo hatulijui, wala si juu yetu kulijua. Binti alipopita langoni alisimama mbele ya mfuatano wa vitenge vilivyoning'inia, akagusa kimoja na kusema, "Hili lilikuwa gauni langu la Idi nilipokuwa darasa la pili." Hakuna ukumbi wowote ambao ungaliweza kumwonyesha hilo.

Hatudai kwamba tamaa yake yote iliondoka saa ile. Moyo wa kijana haubadiliki kwa pazia. Ila mama yake alilala usiku ule bila ya deni, na yeye akaanza maisha yake bila ya kulirithi. Aibu ya kweli ni ile ya dhambi na ya dhuluma. Umaskini si dhambi, na mkono uliofanya kazi kwa ajili ya mwingine hauna la kuonea haya.

Mwenyezi Mungu atujalie kupenda uzuri bila ya israfu, na kuwa na kiasi bila ya ubahili. Amin.