Kazi Ikikua, Ahadi Isipungue



Katika toleo hili tunapenda kutafakari pamoja swali linalowahusu mafundi cherehani, vinyozi, wasusi, wenye migahawa, waendesha pikipiki na wote wanaoishi kwa kazi ndogo ya kuhudumia watu. Kazi inapoanza kukua, je, ni halali mbele za Mungu kupokea zaidi ya uwezo wetu?

Sisi tuliotoka Bujumbura tunalijua swali hili tangu kule Buyenzi. Fundi huanza na cherehani moja barazani. Anashona vizuri, sifa zake zinaenea, na inapokaribia Krismasi, Idi au kufunguliwa kwa shule mwezi wa tisa, vitambaa vinajaa mpaka chini ya meza. Kila anayekuja anaambiwa, "Njoo Jumamosi." Jumamosi ikifika anaambiwa, "Njoo kesho." Tumezoea kucheka na kusema kwamba ndiyo desturi ya mafundi.

Wako wanaojitetea: "Nikimkataa mteja ataenda kwa jirani, na watoto wangu watakula nini?" Hoja hii tusiidharau. Njaa ni kweli, na aliyekimbia nchi yake anajua kwamba kazi ya leo kesho inaweza kukosekana. Lakini tuangalie vizuri kilichoko chini ya ile meza ni mali ya nani. Kitambaa ni cha mteja. Hata pesa aliyotanguliza ni amana mpaka nguo iishe. Fundi akichukua pesa ya mama huyu kumalizia nguo ya yule, amekopa bila kuomba.

Na ni nani anayengojeshwa zaidi? Si bwana harusi wala mkubwa wa ofisi, maana hao huogopwa. Anayengojeshwa ni mjane aliyeleta sare moja ya mtoto. Mara nyingi ndiye aliyetuletea kazi wakati hatujajulikana.

Jambo kama hili lililipata kanisa la kwanza. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma kwamba wanafunzi walipoongezeka, manung'uniko yalitokea kwa sababu wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie kwa kuwa watu wamekuwa wengi. Wala hawakufunga mlango watu wasiongezeke. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi hiyo kweli kweli.

Basi na sisi tufanye vivyo hivyo. Kwanza, tuhesabu. Mwenye cherehani moja anajua nguo ngapi anaweza kumaliza kwa juma. Aziandike katika daftari, na hesabu ikitimia amwambie mteja siku ya kweli, hata kama ni baada ya majuma matatu. Mwingine ataondoka, na aondoke kwa amani. Atakayebaki atajua kwamba neno letu lina uzito.

Pili, tugawe kazi. Lakini tujihadhari na kuwatumia wanafunzi wa kazi. Yuko kijana anayeshona nguo nzima peke yake, na bado analipwa chakula cha mchana na sabuni tu, eti angali anajifunza. Kazi iliyokua kwa jasho lake imekua pia kwa haki yake. Soma Yakobo 5:4, uone onyo kwa wanaozuia ujira.

Tatu, tukumbuke kwamba mabadiliko hayabishi hodi. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, na watu wengi wakapoteza mali yao yote. Mwezi Machi 2022, baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria zilizuiwa kufanya kazi katikati ya jiji hilo hilo. Hatusemi kwamba waaminifu hawakupata hasara. Moto hauchagui, na amri ya serikali inamgusa kila mtu. Lakini siku kama hiyo ikifika, aliyepokea vitambaa kumi atadaiwa na watu kumi, na aliyepokea mia atadaiwa na mia. Aliyenunua pikipiki ya pili na ya tatu kwa mkopo atabaki na deni lote. Ndiyo maana Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: ni lazima aketi kwanza apige hesabu.

Hatuwakatazi watu kukua. Tunafurahi tunapoona hapa makazini kibanda kimoja kikiwa viwili, na kijana aliyekuwa akifagia akianza kukata suruali. Tunachoomba ni kwamba kila aongezaye cherehani ajiulize kama anaweza kutimiza ahadi mpya bila kuvunja za zamani.

Juma hili, kila mwenye kazi afungue daftari lake, au aangalie chini ya meza yake. Akikuta kitambaa cha mjane, aanze na hicho.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu. Amina.