Baraza Katika Uwanja wa Mwingine

Anayetaka kufika Getanuwas kwa mara ya kwanza ana maswali ambayo ramani haiyajibu. Ramani itamwonyesha wilaya ya Hanang na mji wa Katesh ulio chini ya mlima, na akibahatika ataliona jina la kata yenyewe. Haitamwambia gari linaondoka saa ngapi, wala kama njia hupitika masika yanapokolea. Haitamwambia kwamba anayepanda Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, kwa njia ya Jorodom, abebe maji yake tangu chini, maana huko juu asitegemee kuyapata. Wala haitamfundisha kumsalimu mzee wa Kibarabaig na kumpa nafasi ya kuitikia kabla ya kutoa kamera. Mambo hayo anayajua aliyekwishafika, na dawa ni kumuuliza.

Kwa miaka sitini hivi wapenda safari wa dunia walikuwa na baraza la kuulizana mambo ya namna hiyo, na chimbuko lake ni hapa kwetu Afrika Mashariki. Baraza hilo lilifungwa. Nakisimulia kisa chake kwa sababu namna lilivyofungwa ina funzo kwa kila kundi la watu waliowahi kukusanya maarifa kwa miaka mingi bila kujiuliza wanayakusanyia wapi.

Mwaka 1959 Hoteli ya Stanley ya Nairobi, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1902, ilifungua mgahawa wa wazi uliojulikana kwa mti wake, mgunga uliosimama katikati ya meza. Enzi hizo msafiri akishaondoka alikokuwa hapatikani tena kwa urahisi. Simu ya mkononi haikuwapo, na barua ilimfuata mtu kwa majuma. Wasafiri wakaanza kubandika vikaratasi kwenye shina la mgunga ule. Aliyetafuta mwenzi wa safari aliandika, aliyetaka kuuza gari aliandika, na aliyetengana na rafiki njiani alimwachia habari kwamba ametangulia. Desturi ikakua hata shina likawa halitoshi, na hoteli ikaweka mbao za kubandikia. Mgunga wa kwanza ulipokwisha ulipandwa mwingine, na ule wa tatu ulipandwa mwaka 1998. Mti ulikufa mara mbili na desturi ikaendelea, kwa kuwa kila mara kulikuwa na mtu aliyeona ni wajibu wake kupanda tena.

Sifa za mgunga huo zilivuka bahari. Kampuni ya vitabu vya safari ya Lonely Planet, iliyoanzishwa Australia mwaka 1973 na mume na mke, Tony na Maureen Wheeler, ilifungua baraza la wasafiri kwenye intaneti mwaka 1996 na kuliita Thorn Tree kwa heshima ya mti ule wa Nairobi. Kilichofanyika shinani kikahamia huko kwa kiwango ambacho hakuna shina lingekibeba. Mtu aliuliza kuhusu basi la Arusha kwenda Babati, na mtu aliyeshuka kwenye basi hilo juzi akamjibu. Mmoja alionya kuhusu mpaka fulani, mwingine akasahihisha kwamba utaratibu umebadilika. Wenyeji waliwasahihisha wageni, na wageni wakaonyana wao kwa wao. Waliojibu hawakulipwa. Walitoa kwa sababu nao waliwahi kupewa, na wapo waliojibu maswali ya watu wasiowajua miaka nenda miaka rudi, hadi wakafahamika kwa busara zao kama wazee wa mtaa.

Wakati huohuo uwanja wenyewe ulikuwa unabadilisha mikono. Mwaka 2007 shirika la BBC la Uingereza lilinunua sehemu kubwa ya kampuni, na mwaka 2011 likamaliza kuinunua yote. Desemba 2012 baraza lilifungwa ghafla kwa sababu ya wasiwasi juu ya baadhi ya maandishi yasiyofaa, kisha likafunguliwa kidogo kidogo mwaka uliofuata. Mwaka huo wa 2013 kampuni iliuzwa kwa Wamarekani wa NC2 Media. Korona ilipokuja mwaka 2020, mipaka ikafungwa na ndege zikalala viwanjani, kampuni ilifunga ofisi zake za Melbourne na London, na katika kipindi hicho baraza nalo likazuiwa watu wasiandike tena. Halikufunguliwa. Kabla mwaka haujaisha kampuni ikauzwa kwa mara nyingine, safari hii kwa Red Ventures.

Katika mauzo hayo yote waandishi wa baraza hawakuwa upande wowote wa meza. Hawakuuza, hawakununua, hawakuulizwa. Ni kweli kwamba sheria haikumlazimisha mwenye uwanja kuwauliza, na ni haki kusema kwamba alikuwa na shida zake. Kulinda mahali panapoandikwa na watu wengi usiku na mchana ni kazi ya gharama. Kuna maneno machafu ya kufuta na matapeli wa kufukuza, na palipo na watoto pana wajibu mkubwa zaidi. Kampuni inayoishi kwa safari, katika mwaka ambao hakuna anayesafiri, lazima ipunguze mzigo. Sina sababu ya kumfanya mwenye uwanja kuwa shetani wa kisa hiki. Lakini hasara ilikuwa kubwa vilevile. Wenzi wa miaka mingi walitawanyika, wengine hawakujuana hata majina yao halisi ya kutafutana, na maarifa ya robo karne yakawa mikononi mwa mtu ambaye hakuyaandika. Baadhi ya kurasa zilinusurika kwa sababu Internet Archive huko Marekani ina kawaida ya kunakili mambo ya intaneti. Walionusurisha kurasa hizo hawakuwa wenye baraza wala wenye uwanja. Walikuwa wapita njia wenye mazoea mema.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Watu wengi hudhani methali hiyo inawahusu wenye maduka. Maarifa nayo ni mali, na haya yalikuwa na daftari, ila daftari lilikaa nyumbani kwa mwingine.

Hapa ndipo Hanang ina la kuufundisha ulimwengu, kwa sababu Wabarabaig wanajua maana ya kufunga jambo. Mzee aliyeishi kwa heshima anapofariki, na wakubwa wakaafikiana kwamba anastahili, hufanyiwa mazishi ya bung'ed. Kaburi lake hujengewa kichuguu cha udongo na miti kinachoinuliwa hatua kwa hatua, na kazi hiyo huchukua miezi tisa. Kila hatua ina wahusika wake. Pombe ya asali huandaliwa, koo mbalimbali hualikwa, na siku ya kuhitimisha umati hutoka mbali. Ndani ya miezi hiyo aliye mbali anapata muda wa kuja na watoto wanaambiwa marehemu alikuwa nani. Kwa namna hiyo watu wanaachana na mzee wao wakiwa wamejua wanachobaki nacho. Kaburi linabaki kuwa mahali pa kumbukumbu na pa kuomba.

Utaratibu huo una mambo matatu ambayo baraza la wasafiri lilikosa: taarifa ya kutosha, mahudhurio ya wahusika, na alama ya kudumu. Kufunga kwa heshima kunahitaji muda, na muda huo hautafutwi siku ya kufunga. Unapangwa watu wangali wazima na baraza lingali na nguvu.

Lakini Hanang ina funzo la pili, lenye uchungu zaidi, na silileti hapa ili kuulinganisha uchungu huo na kufungwa kwa mahali pa intaneti. Nalileta kwa sababu mzizi ni mmoja. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yakisaidiwa na Kanada, yalienea katika nyanda za Basotu hadi kufikia hekta zipatazo 40,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya bung'ed. Mengine yalilimwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981, na Mahakama Kuu ikawapa haki, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na hoja iliyowaangusha ilikuwa uthibitisho wa umiliki. Walikuwa na vizazi vya watu waliochunga pale, na makaburi yalionekana kwa macho. Mahakama ilitaka uthibitisho ambao wengi wao hawakuweza kuutoa kwa namna ilivyoutaka.

Kwa hiyo kumbukumbu iliyojengwa kwa heshima zote bado inaweza kufutwa, ikiwa walioijenga hawana neno juu ya mahali iliposimama. Heshima bila hati haikutosha Basotu. Mazoea bila hati hayakutosha kwa wasafiri. Hili ndilo jambo ninalotaka kila msomaji alichukue: mkusanyiko wowote wa watu una mambo mawili, watu wenyewe na uwanja wanaokutania, na siku mambo hayo mawili yakigombana, anayeshinda ni mwenye uwanja.

Tuje basi kwenye maisha ya leo. Vijana wanaoongoza wageni kupanda Hanang, madereva wa njia ya Singida na Babati, wapenda safari wa Dar es Salaam na Nairobi wanaopanga kwenda kuona mnada wa Katesh, wengi wao wana makundi ya WhatsApp au kurasa za Facebook. Humo mna bei za magari, hali ya njia, majina ya viongozi wazuri wa safari, picha za miaka, na maonyo ya hatari. Mna hata historia. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima ilipomeguka na tope likaishukia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba zilizokuwa zikionekana kwenye picha za watu hazipo tena. Picha iliyopigwa kabla ya siku hiyo na msafiri aliyesimama tu kando ya barabara sasa ni ushahidi wa mji ulivyokuwa. Nyingi za picha hizo zinakaa kwenye simu za watu na katika makundi ambayo yana kiongozi mmoja. Simu hiyo ikiibiwa, au kampuni ya ng'ambo ikibadilisha masharti yake, zitakwenda na hakuna atakayejua kilichokwenda.

Ushauri wangu si kuyakimbia makundi hayo. Kila mtu anahitaji uwanja, na si kila kundi lina uwezo wa kununua wa kwake. Mpangaji mwenye busara hukaa katika nyumba ya kupanga bila kusahau kwamba ni ya kupanga. Anajua mkataba unaisha lini, na hati zake hazilali kwenye droo ya mwenye nyumba.

Kwa vitendo, kundi la wapenda safari, na kwa kweli kundi lolote, lifanye mambo haya. Lichague watu wawili au watatu wanaoaminika, wasiokaa nyumba moja wala kutumia simu moja, wawe na madaraka sawa ya kuliongoza. Kila baada ya muda uliokubaliwa watu hao wakusanye majibu bora, wayapange kwa mada, yaani njia, malazi, gharama, hatari na adabu za mahali, wayatie tarehe, na waweke nakala katika sehemu zaidi ya moja. Nakala moja iwe ya karatasi. Daftari lililoandikwa vizuri na kuwekwa katika ofisi ya kijiji, shule au maktaba linasomeka hata umeme ukikatika, na mtoto wa Getanuwas anayetaka kuwa kiongozi wa watalii analisoma bila kununua bando. Waombwe ruhusa walioandika, na majina ya wasiotaka kutajwa yaondolewe, kwa sababu kuhifadhi neno la mtu bila ridhaa yake ni kosa jingine.

Kisha kundi liafikiane mapema juu ya kufungwa kwake. Hapa wengi husita, kama wanaosita kuandika wosia wakiogopa kujiitia kifo. Wosia haujamuua mtu. Waandike kwamba likifika la kufunga, taarifa itatolewa miezi kadhaa kabla, kila mwanachama atapewa nafasi ya kuchukua kilicho chake, watakaofariki kati yao maneno yao yatakabidhiwa jamaa zao wakitaka, na kilichobaki kitakwenda mahali fulani panapojulikana. Na kama wewe ndiye mwenye uwanja, iwe ni kampuni au mtu mmoja aliyelianzisha kundi na sasa amechoka, una haki ya kupumzika. Huna wajibu wa kubeba mzigo milele. Una wajibu wa kusema mapema na kuwaachia watu mlango wazi kwa muda wa kutoa vyombo vyao.

Wengine watasema haya ni mazito mno kwa jambo la burudani, kwamba kupenda safari ni anasa na kupotea kwa maneno ya watalii hakumwumizi mtu. Na wamfikirie anayepanda mlima usio na maji bila kuambiwa, au mwenyeji anayepigwa picha kila siku na watu ambao hawakufundishwa salamu. Maarifa ya njia hulinda uhai wa mgeni na heshima ya mwenyeji, na yanapopotea kila anayekuja anaanza upya, akirudia makosa ambayo wengine walikwisha kuyalipia.

Kwa hiyo, kabla ya kundi lako kupokea mwanachama mwingine, kaeni mjibu maswali matatu. Uwanja huu ni wa nani? Nakala yetu iko wapi? Nani atatuambia siku ya kufunga ikikaribia? Kundi lisilo na majibu lijue kwamba siku ya kufungwa kwake itapangwa na mtu mwingine, na kwamba halitaalikwa kwenye kikao hicho.